Laga imekwama kwenye 1.022: upandishe joto, uongeze hamira, au uiache?

Siku ya kumi na mbili. Ndoo imetulia kwenye kona ya besimenti, kizibo cha maji cha kutolea gesi hakitoi hata povu moja, na haidromita, kile kioo cha kupimia uzito wa bia ukilinganishwa na maji, inaelea pale pale ilipoelea juzi: 1.022 (maji matupu ni 1.000, na sukari ikiliwa namba hushuka). Ulianza na 1.050 ukitarajia kushuka hadi 1.012 au chini kidogo ya hapo. Ulichonacho sasa ni lita 19 za kitu kitamu kitamu, kizito mdomoni; si maji ya kimea tena, na bia bado hakijawa. Ukikifunga kwenye chupa kilivyo, unatega mabomu. Ukikimwaga, umemwaga Jumamosi nzima ya kazi na chupa zipatazo hamsini.

Haya ni kwa ajili ya aliyefika hapo na hajui ashike lipi, maana kila anayemuuliza anampa dawa tofauti. Mimi hupikia bia Minnesota, ambako baridi ya kuchachushia laga ni ya bure kwa miezi mingi ya mwaka, na baridi hiyo hiyo ndiyo inayotukwamisha. Njia nitakazolinganisha ni tano: kupandisha joto, kuongeza hamira mpya ya laga iliyoamshwa, kuingiza hamira ya aina nyingine, kutia vimeng'enya, na kuiacha bia ilivyo. Zote nimezijaribu, nyingine kwa makosa.

Kwanza, imekwama kweli?

Nianze na aibu yangu. Laga yangu ya tatu niliipima kwa rifraktomita, kile kidude unachodondoshea tone moja kisha unachungulia kwenye mwanga. Ilianza na Brix (kipimo cha sukari) 12.4, ambayo ni sawa na 1.050. Baada ya wiki mbili ikasoma 6.3. Nikafungua jedwali: 6.3 ni 1.025. Nikapandisha joto, haikusogea. Nikazungusha ndoo, wapi. Nikanunua pakiti ya hamira ya shampeni nikaimwaga yote, nikasubiri wiki nyingine, 6.3 ile ile. Siku niliyokata tamaa nikatoa haidromita ya kioo iliyokuwa imelala kwenye droo, nikaitumbukiza: 1.011. Bia ilikuwa imeshamaliza kuchachuka zamani, nami nilikuwa namtibu mtu asiyeumwa.

Kilevi kikishaingia kwenye kimiminika hupinda mwanga kwa namna yake, na rifraktomita hulihesabu hilo kama sukari. Namba yake baada ya kuchachuka haina maana mpaka uipitishe kwenye hesabu inayotumia Brix ya mwanzo na ya sasa kwa pamoja. Jedwali la kawaida ni la maji ya kimea ambayo hamira haijayagusa.

Haidromita nayo hudanganya, ila kidogo. Mimina sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kumi ili gesi itoke, kwa sababu vipovu vikishikamana na shingo ya kioo huiinua kama maboya. Iache ifikie nyuzi 20, au joto lolote lililoandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya shingo hiyo. Sampuli ya nyuzi 10 husoma pointi moja au mbili juu ya ukweli (pointi moja ni 0.001). Na siku moja kabla hujafa, ipime haidromita yenyewe kwenye maji safi. Yangu husoma 1.002 badala ya 1.000, na nilikaa nayo miaka miwili bila kujua.

Mapovu ya kizibo usiyaamini. Joto la chumba likipanda, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia hutoka na kizibo kikacheza kama harusini, huku hamira haifanyi lolote. Likishuka, ndoo hunyonya hewa na kukaa kimya hata kama kazi inaendelea.

Ukipata namba moja kwa siku tatu mfululizo, na namba hiyo iko pointi tano au zaidi juu ya ulichotarajia, hapo tunaweza kuzungumza. Lakini kabla hujagusa ndoo, fanya kipimo kimoja zaidi. Kwangu mimi ndicho kinachoamua karibu kila kitu hapa chini.

Chukua bia hiyo mililita 250, itie kwenye chupa safi, ongeza kijiko cha chai cha hamira kavu ya bia, funika mdomo kwa kipande cha foili, iweke juu ya friji mahali penye nyuzi 22 hadi 25, na uitikise kila unapopita. Hii hutainywa, kwa hiyo hewa ikiingia si neno. Baada ya siku tatu, pima. Ikishuka hadi 1.012, chakula kipo na hamira yako ndiyo imelala au imezidiwa. Ikibaki 1.021, hamira haina kosa: sukari iliyobaki ni ya aina isiyoweza kuila, na huenda uliiweka wewe mwenyewe siku ya kupika, kwa kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 71 badala ya 65. Hamira ileile, ndoo ileile, lakini dawa ni mbili tofauti kabisa.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale. La kwanza ni chanzo: inatibu nini hasa? Halafu ladha, kwa sababu laga haina mahali pa kuficha kosa. Eili, bia ya kuchachushwa kwenye joto, ikiwa na hopsi (maua ya kutia uchungu) nyingi humeza mengi, laga nyepesi ya Kijerumani husema kila kitu. Kisha muda na fedha. Kisha hatari, nami hapa nahesabu tatu: oksijeni kuingia bia ikanuka kadibodi, vijidudu kuingia, na chupa kupasuka. Mwisho, inamfaa nani.

Hiyo ya chupa inataka namba. Kila pointi moja ya uzito inayochachuka ndani ya chupa iliyofungwa huzalisha gesi takriban nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Laga ya kawaida hubeba ujazo wa gesi kama 2.5. Bia iliyokwama pointi kumi juu ya mwisho wake, ikizinduka ikiwa chupani, huongeza ujazo wa 5 juu ya sukari uliyotia ya kuleta gesi. Chupa za kawaida za bia hazikutengenezwa kwa ajili ya hayo.

1. Kupandisha joto na kuizindua hamira iliyolala

*Inatibu nini.* Baridi ya ghafla, na hamira iliyotuama chini kabla ya wakati. Hamira ya laga, Saccharomyces pastorianus, ni chotara: mzazi mmoja ni hamira ya eili na mkate tunayoijua, mwingine ni Saccharomyces eubayanus, mzoefu wa baridi aliyetambuliwa katika misitu ya Patagonia na kutangazwa mwaka 2011. Kwa mzazi huyo wa pili ndiyo maana hufanya kazi kwenye nyuzi 10 bila kulalamika. Lakini kila mzoefu ana mwisho wake. Januari moja kipimajoto changu, kilichoning'inia ukutani usawa wa kifua, kilisoma nyuzi 12 kila asubuhi. Nilipokilaza sakafuni, kwenye saruji ile ile ndoo ilipokuwa imekaa, kilisoma 7. Hamira ilikuwa imejikunyata chini kama mashapo ya uji.

Namna ya kufanya: iondoe ndoo sakafuni, pandisha nyuzi moja au mbili kwa siku hadi ufike 17 au 18, na kila siku izungushe taratibu, bila kufungua kifuniko, mpaka mashapo yainuke kidogo. Basi. Wengi wetu hutumia W-34/70, hamira yenye asili ya Weihenstephan huko Bavaria, nayo hata mtengenezaji wake anaipa nafasi hadi nyuzi 18 tangu mwanzo.

Nilipomweleza mama kwa simu kwamba pombe imenigomea, wala hakuuliza namba.

"Shikamoo mama. Bia yangu imegoma kuchachuka."

"Marahaba. Umeiweka wapi?"

"Chini, kwenye baridi."

"Sasa ulitegemea nini? Ifunike blanketi."

Mama ni wa Kibosho, amepika mbege maisha yake yote, na mbege kwa kweli haina tatizo hili, kwani hunywewa ikiwa bado inachachuka; hakuna anayengoja iishe. Laga ndiyo yenye makuu ya kutaka kumaliza kila kitu kisha ikalale wiki kadhaa. Lakini blanketi lilikuwa jibu sahihi.

*Ladha.* Watu huogopa hapa bila sababu. Wanajua laga ikichachuka kwenye joto hutoa harufu za matunda, nayo ni kweli, ila harufu hizo huzaliwa zaidi mwanzoni, hamira inapozaliana. Ukiwa 1.022 kutoka 1.050 umeshavuka nusu ya safari. Joto la sasa linasaidia, kwa kuwa linaifanya hamira ile daiasetili, kile kinachoipa bia harufu ya siagi ya bisi za sinema. Wapikaji wengi wa laga hupandisha joto hatua hii hata bia isipokwama.

*Muda na fedha.* Siku tatu hadi saba. Bure.

*Hatari.* Ndogo kuliko zote, mradi hukufungua ndoo.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, kama hatua ya kwanza. Haimfai ambaye chupa yake ya juu ya friji imebaki 1.021, wala ambaye ndoo yake imekaa nyuzi 14 tangu siku ya kwanza na haikuwahi kupoa.

2. Hamira mpya ya laga, iliyoamshwa

*Inatibu nini.* Uchache wa hamira, uzee wake, au hamira iliyochoka kwa kukosa oksijeni siku ya kwanza. Hiki ndicho chanzo ninachokiona mara nyingi kwa wanaoanza. Laga huhitaji karibu mara mbili ya hamira inayohitajiwa na eili. Kipimo kinachotajwa sana ni seli milioni 1.5 kwa kila mililita na kila digrii ya Plato (kipimo cha sukari, karibu sawa na Brix). Kwa lita 19 za nyuzi 12 za Plato, hiyo ni zaidi ya seli bilioni 340. Kwa hamira kavu maana yake ni pakiti mbili za gramu 11.5. Vifurushi vya kuanzia vinavyouzwa mara nyingi huja na pakiti moja.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza ni kufungua kifuniko na kunyunyiza pakiti kavu juu ya bia iliyokwama. Fikiria inakoangukia: pana kilevi cha asilimia 3.7, hapana oksijeni, na sukari rahisi imeshaliwa, imebaki ile ngumu. Nyingi hufa, nyingine hulala pamoja na wenzao.

Iamshe kwanza. Chemsha lita moja ya maji na gramu 100 za unga wa kimea (ule wa maji ya kimea yaliyokaushwa, si kimea kilichosagwa), ipoze hadi nyuzi 20, itikise vizuri ipate hewa, tia hamira. Kesho yake, povu likiwa limesimama na kimiminika kinachemka chenyewe, mimina ndani yake nusu lita ya bia iliyokwama ili hamira izoee kilevi. Baada ya saa kadhaa, ikiwa bado ina nguvu, imimine yote ndani ya ndoo bila kurusha rusha, bia ikiwa kwenye nyuzi 15 hadi 18. Muda wa kumimina ndio siri: povu likiwa juu, si baada ya kushuka.

Wajerumani wana njia ya kizee zaidi, Kräusen: wanachota bia changa inayochachuka kwa nguvu kutoka pipa jingine na kuimimina kwenye ile iliyotulia, asilimia 10 hadi 20 ya ujazo. Kwa lita 19 ni kama lita mbili hadi nne. Ukiwa na rafiki anayepika wiki hiyo hiyo, hakuna hamira bora kuliko hiyo, kwani imeshajipanga kwa kazi.

*Ladha.* Ni hamira ya ukoo ule ule, kwa hiyo bia inabaki kuwa laga uliyoikusudia. Ile lita moja ya kianzio husogeza ladha kidogo, lakini kwenye lita 19 sijawahi kuiona.

*Muda na fedha.* Siku moja au mbili za kuamsha, kisha wiki moja hadi mbili. Pakiti moja au mbili za hamira na unga wa kimea. Kwangu huwa chini ya dola ishirini.

*Hatari.* Ya kati. Umefungua ndoo, umeongeza kimiminika. Kila kitu kinachogusa bia kisafishwe kwa dawa, na mimina kwa kuelekeza kwenye ukuta wa ndoo.

*Inamfaa nani.* Aliyetumia pakiti moja, au hamira ya maji iliyokaa kwenye friji ya duka kwa miezi mingi, na chupa yake ya majaribio imeshuka vizuri. Inamfaa pia aliyejaribu joto kwa wiki moja bila mafanikio. Haimfai asiye na subira ya kuamsha. Pakiti kavu juu ya povu lililokufa ni pesa iliyotupwa.

3. Hamira ngeni: ya eili, au ya shampeni

*Inatibu nini.* Yale yale ya njia ya pili, kwa haraka zaidi. Hapa lakini lazima tutenganishe ndugu wawili ambao hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Hamira hula maji ya kimea kwa mpangilio: glukosi kwanza, halafu maltosi, mwisho maltotriosi. Laga iliyokwama kwenye 1.022 imebakiwa na mifupa, yaani maltosi kidogo na maltotriosi nyingi. Hamira safi za eili kama US-05 au Nottingham zinaila maltotriosi. Hamira ya shampeni kama EC-1118 karibu haiigusi kabisa, kwa kuwa imekulia kwenye zabibu ambamo sukari hiyo haipo. Sifa yake ya kuvumilia kilevi kikali ni ya kweli, lakini bia yako haijakwama kwa kilevi. Juu ya hayo, ina sumu ya kuua hamira nyingine zilizo dhaifu kwake, ikiwemo ile ambayo pengine ilibakiza nguvu kidogo. Ushauri wa "tia ya shampeni" umetoka kwa watengeneza divai, uwarudie.

*Ladha.* Eili safi ikiingia mwishoni huacha alama ndogo sana, kwani kuzaliana kwake ni kidogo. Mwonjaji mzuri anaweza kuona laga imepoteza ule ukavu wake wa kumalizia. Mgeni wako kwenye nyama choma haoni.

*Muda na fedha.* Siku tatu hadi saba kwenye nyuzi 18 hadi 20. Pakiti moja hupatikana duka lolote la vifaa, na bado unashauriwa kuiamsha.

*Hatari.* Kama njia ya pili.

*Inamfaa nani.* Anayetaka bia inywewe mwisho wa mwezi na hana mashindano mbele yake. Pia asiyeweza kupata hamira ya laga alipo.

4. Vimeng'enya

*Inatibu nini.* Hii ndiyo njia pekee, kati ya zote, inayotibu maji ya kimea yenyewe. Ukiloweka kimea kwenye joto la juu, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa maltosi hufa mapema, na kinachobaki huacha vipande virefu, dekstrini, ambavyo hamira haina meno ya kuvila. Glukoamilasi, ambayo huuzwa kwenye vichupa vidogo au pakiti, huvikatakata vyote kuwa glukosi.

Tatizo liko kwenye neno vyote. Haijui 1.012 ni nini. Huendelea hadi 1.000, pengine chini ya hapo, na mpikaji wa nyumbani hana kitu cha kuizuia ila joto kali la kuichemshia bia. Si kitu kipya: mwaka 1967 kiwanda cha Rheingold cha New York kilitoa Gablinger's, bia iliyotokana na kazi ya mwanakemia Joseph Owades, aliyetumia kimeng'enya cha namna hii kuondoa dekstrini. Gablinger's haikuuzika, lakini bia nyingi nyepesi za Marekani zilikuja nyuma yake.

*Ladha.* Kavu, nyembamba, kilevi juu kidogo ya ulichopanga. Ukali wa hopsi unatokeza kwa kuwa hakuna utamu wa kuufunika. Kuna wanaoipenda hivyo siku za jua. Mimi niliinywa nikisikia maji yenye hasira.

*Muda na fedha.* Wiki mbili hadi nne. Kimeng'enya chenyewe ni bei ndogo.

*Hatari.* Kubwa kwa anayetumia chupa. Kazi huenda polepole, mtu huona namba imesimama siku tatu, hufunga, kumbe bado. Kwa njia hii mimi huhesabu wiki nzima ya namba isiyobadilika. Hamira za aina ya diastaticus, zikiwemo baadhi za saisoni (bia ya Kibelgiji), hufanya kazi hiyo hiyo na zina ubaya wa ziada: zikishaingia kwenye mipira na mabomba yako hukaa humo, na laga ya mwezi ujao itashuka bila kuombwa.

*Inamfaa nani.* Ambaye chupa yake ya majaribio haikushuka, hapendi kabisa utamu uliopo, na ana kegi (pipa la chuma la bia) na subira. Ambaye chupa yake ilishuka asiguse.

5. Kuiacha ilivyo

*Inatibu nini.* Haitibu. Inakubali. Na kuna siku ndiyo tabibu bora, kwa sababu bia ambayo chupa ya majaribio imeithibitisha kwenye 1.020 haijakwama, imemaliza. Wanaopikia unga au asali ya kimea (maji ya kimea yaliyokolezwa mpaka yakawa mazito) badala ya kimea chenyewe wanaijua 1.020 kama ndugu wa karibu: anayetengeneza asali ile ndiye aliyeamua joto la kuloweka, wewe huna kauli.

*Ladha.* Nzito, tamu, yenye mwili. Ukiwa na nyingine iliyokauka kupita kiasi, zichanganye kwenye kegi moja. Nimewahi kunywa mchanganyiko wa makosa mawili uliozidi bia zangu nyingi zilizokwenda sawa. Iliyoshindikana kunywewa hulainisha nyama vizuri kabla ya jiko.

*Muda na fedha.* Hakuna.

*Hatari.* Inategemea unahifadhi wapi. Kwenye kegi ndani ya friji ya nyuzi 3, hata hamira ikizinduka haitakwenda mbali, na kegi ina vali ya kutolea shinikizo. Kwenye chupa, usifunge kabla chupa ya majaribio haijakuambia hakuna kilichobaki.

*Inamfaa nani.* Mwenye kegi. Mwenye asali ya kimea. Na yule aliyekwama pointi tatu nne tu, ambaye kila atakachofanya kitaingiza hewa kuliko kitakavyosaidia.

Kwa hali yako

Kama umepima kwa rifraktomita pekee, hujakwama bado. Tafuta haidromita.

Kama usiku ulikuwa wa baridi, au ndoo imekaa sakafuni, au friji iliachwa imewashwa kuliko ilivyotakiwa: joto, wiki moja, usifungue kitu. Hili linawahusu zaidi wa Minnesota, Ontario na Ulaya ya kaskazini. Anayepika kwa friji yenye kidhibiti joto kule Dar au Mombasa ana kisa chake: umeme ukikatika bia hupata joto na hamira hukimbia, ukirudi friji huipoza ghafla na hamira hutuama. Dawa ni ile ile, na kihisi cha kidhibiti kifungwe kwenye ukuta wa ndoo kwa utepe wa kunata na kipande cha sponji juu yake, kisining'inie hewani.

Kama ulitia pakiti moja ya hamira kwenye lita 19 au zaidi, anza na joto, lakini siku hiyo hiyo agiza hamira. Wiki ikipita bila mabadiliko utakuwa tayari kuiamsha. Ya laga kwa anayejali ukoo wa bia yake, ya eili kwa mwenye sherehe.

Kama bia ni kali, 1.070 na kwenda juu, nenda moja kwa moja kwenye hamira iliyoamshwa na iwe nyingi, ukiizoesha bia hiyo kidogo kidogo kwa siku nzima. Hapa kilevi kina neno, na joto peke yake mara nyingi halitoshi.

Kama chupa ya juu ya friji haikushuka, njia zinazobaki ni mbili: kimeng'enya au kukubali. Mwenye chupa tupu bila kegi, ningemwambia akubali. Mwenye kegi achague kwa ulimi wake.

Na kama unasoma haya ukiwa umeshafunga chupa, na jana moja imepasuka: usiziguse kwa mikono mitupu. Vaa miwani ya kazi, glavu nene na koti, zifunike kwa taulo nzito lililoloa, uzihamishie kwenye friji moja moja ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko. Zikae siku mbili zipoe kabisa, ndipo uzifungulie kwenye sinki, kizibo kikielekea mbali na uso. Watoto na paka wasiingie humo mpaka umalize.